Zuhura haikeshi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naiona nyota moja kubwa upande wa magharibi kila Jua likizama. Nikaambiwa ndiyo Zuhura. Ghafla ikapotea, na baada ya wiki mbili hivi nikaona nyingine kama hiyo alfajiri, mashariki. Je, ni ileile? Na mbona sijawahi kuikuta usiku wa manane, ilhali Mshtarii nimeiona hadi saa tisa usiku? Rafiki yangu naye anadai ameshaiona Zuhura mchana. Ananitania?
Msomaji achelewaye kulala

JIBU: Marahaba. Ni ileile. Nami nilipoanza kuangalia anga nilitega saa iniamshe saa saba usiku, siku nne mfululizo, nikitaka kuiona Zuhura utosini. Nikaambulia kusinzia mchana. Kosa langu ni kwamba sikujiuliza kwanza Jua liko wapi.

Usiku wa manane Jua liko upande wa pili wa Dunia, chini ya miguu yetu. Zuhura ni sayari, nayo inalizunguka Jua ndani ya njia ya Dunia yetu, kwa hiyo ukiitazama kutoka hapa haiwezi kuliacha mbali: mwisho wake ni digrii 47. Nyoosha mkono, kunja ngumi, fumba jicho moja. Ngumi hiyo inaziba kama digrii 10 za anga. Basi Zuhura haifikishi ngumi tano kamili kutoka kwenye Jua. Anga nayo huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa, yaani ngumi moja na nusu, kwa hiyo hata ikiwa mbali kabisa, nayo hulifuata Jua kuzama baada ya muda wa saa tatu hivi. (Karibu na ncha za Dunia hesabu hii huyumba, maana huko Jua huzama kwa mshazari mno.) Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ndiyo imefungwa kamba fupi zaidi, digrii 28, na wengi huzeeka hawajaiona.

Mshtarii iko nje ya njia yetu, haina kamba. Takriban kila miezi 13 hukaa mkabala na Jua: Jua likizama yenyewe inachomoza, na hukesha nawe hadi kuche.

Sasa huko kupotea. Zuhura humaliza mzunguko wake kwa siku 225, na kila baada ya siku 584 hivi hutupita kwa ndani. Inapopita kati yetu na Jua iko karibu nasi, kwa hiyo huhama jioni kwenda alfajiri upesi, kama ulivyoona. Kurudi jioni hupitia nyuma ya Jua, mbali, na hapo unaweza kuikosa miezi miwili au zaidi. Usije ukaniandikia kwamba imeibiwa. Zile wiki za mwisho za jioni, mwenye darubini huiona kama hilali nyembamba. Galileo aliyaona maumbo hayo mwaka 1610. Mimi bado sijayachoka.

Rafiki yako hakutanii. Kwa kuwa sasa iko alfajiri, kazi ni rahisi: ikamate kungali giza, simama mahali pamoja, ipange na ncha ya paa au tawi, kisha iangalie kila baada ya dakika kumi. Itakuwa imesogea robo ya ngumi. Darubini iweke chini kabla Jua halijachomoza, maana kulipitia kwa bahati mbaya tu kunatosha kukupofusha. Likishatoka, jifiche nyuma ya ukuta unaoliziba, na ukuta ukizidiwa tafuta mwingine. Kinachokuponyoka si mwanga wa Zuhura. Ni jicho kukosa pa kujishika kwenye samawati tupu.

Mimi ilinichukua asubuhi tano kuifuata mpaka Jua likawa ngumi mbili juu ya upeo. Asubuhi ya sita niliwaita jirani waje kushuhudia, kukawa na mawingu.