Mkataba wa Viatu: Soma Ukurasa Usio na Pesa

Jumanne iliyopita, saa nne usiku, simu iliita. Kijana wa kwetu Kapchorwa, Uganda, anayekimbia mita elfu kumi na sasa ameanza kujaribu nusu marathoni. Alikuwa ananong'ona utadhani yuko kanisani. "Kaka, mkataba wa viatu umekuja. Meneja anataka nisaini kesho asubuhi." Nikamuuliza una kurasa ngapi. Kumi na moja. Na wewe umesoma ngapi? Akanyamaza, halafu akacheka: "Ule wa pesa."

Mimi wangu nilisoma ule wa pesa tu, na leo nauza viatu soko la Owino, Kampala, badala ya kukimbia navyo. Nilichomwambia usiku ule nakiandika hapa, maana mlimani kwetu kila msimu kuna mtoto anayeletewa karatasi kama hizo. (Kiswahili changu nilikiokota kambini na mpakani Suam. Mkikiona kimekaa kiaskari, mnisamehe.)

Nilikuwa mkimbiaji wa marathoni wa saa 2 na dakika 13. Kwa Ulaya hiyo ni sifa. Kwetu Sebei ni mtu wa kawaida anayewahi mazoezi. Mwaka 2013 kampuni moja ya viatu, ambayo sitaitaja, ilinipa mkataba wa miaka mitatu: dola kila baada ya miezi mitatu, jozi kumi na mbili kwa mwaka, bonasi nikishinda. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kikosi cha serikali, na kikosi kilikuwa kinaniachia nafasi ya kufanya mazoezi. Nikaandika barua ya kuacha kazi wiki hiyohiyo. Mama alilia. Nilidhani ni furaha.

Mwaka uliofuata, nikiteremka kutoka Teryet kwenye barabara ya murram, mshipa wa kisigino ulilia kama kijiti kikavu. Miezi saba sikukimbia. Hapo ndipo nikakutana na ukurasa wa saba, ambao ulikuwepo muda wote: mkimbiaji asiposhindana kwa siku 120, malipo yanakatwa nusu. Akitoka kwenye orodha ya mwaka ya wakimbiaji fulani bora, yanakatwa tena. Nusu ya nusu, ukitoa asilimia 15 ya meneja, haikutosha hata kumlipa mtu wa kunikanda mguu.

Hata hivyo kisigino kilipona. Kilichonimaliza hakikuwa kisigino. Kampuni ilipata bosi mpya, na bosi akaona faida iko kwenye viatu vya kuvaa mjini na suruali ya jinzi, siyo kwa Mganda wa 2:13. Ikaja barua ya aya moja. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia tena, niko vizuri, lakini upepo ulikuwa umegeuka katika ofisi ambayo sijawahi kuiona.

Hili ndilo vijana hawalitegemei. Wanaogopa jeraha, wanaogopa kushindwa. Hakuna anayeogopa kampuni yenyewe kuyumba, kwa sababu nembo kubwa inaonekana kama mlima. Lakini hata nembo hupanda na kushuka, na ikishuka, bajeti ya wakimbiaji ni kitu rahisi kukata.

Tazama Asics. Ni Wajapani wa Kobe, walioanza mwaka 1949 kwa jina la Onitsuka. Mwanzilishi wa Nike, Phil Knight, alianza biashara mwaka 1964 akiuza viatu vya Onitsuka Marekani. Maana yake mwanafunzi alikuja kumpita mwalimu. Sasa, Japani kuna mbio za kupokezana za vyuo vikuu, Hakone Ekiden, kila Januari, na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni siku mbili. Januari 2021 walikimbia vijana 210. Waliovaa Asics, kampuni ya nyumbani kwao, walikuwa sifuri. Wengi mno walivaa Nike. Wazee wa Kobe sidhani kama walilala. Lakini tayari walikuwa wameunda kikundi maalumu cha kutengeneza kiatu cha mbio, miezi michache baadaye wakatoa Metaspeed, na leo wana kambi Iten, Kenya, jirani zetu kabisa.

Nike nao waliwezaje kufika huko? Wengi mnakumbuka marathoni ya Berlin 2015. Eliud Kipchoge alikimbia huku soli za ndani zikining'inia nje ya viatu vyote viwili kama ndimi za mbwa mwenye kiu, mguu ukivuja damu, na bado akashinda kwa 2:04:00. Kwa kampuni ile ilikuwa aibu mbele ya dunia. Mwaka mmoja baadaye, Olimpiki ya Rio, wanaume wote watatu waliopanda jukwaa la marathoni walikuwa wamevaa kiatu cha majaribio chenye povu jipya na bamba la kaboni, kile kilichokuja kuitwa Vaporfly. Mwaka 2017 Kipchoge akakimbia 2:00:25 Monza. Ikawa kama mvua imenyesha upande mmoja wa mto, hadi Shirikisho la Riadha Duniani likaweka sheria mwanzoni mwa 2020: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja.

Halafu? Nike wakajikita kuuza wenyewe mtandaoni, wakawaachia wengine rafu za madukani, na kampuni za On na Hoka wakaingia wakajikalia. Juni 2024 hisa za Nike zilianguka karibu asilimia 20 kwa siku moja. Oktoba wakamrudisha mzee wao aliyekuwa amestaafu, Elliott Hill, awe mkuu. Kampuni ile ile, ndani ya miaka saba tu. Mkataba wako wa miaka minne unaweza kuanza kwenye kiangazi na kuisha kwenye masika.

Sisemi kampuni zote hutupa watu. Nilikuwa Kololo Machi 2017, mbio za nyika za dunia, nimebanwa kwenye kamba na watu wenye vuvuzela. Joshua Cheptegei anaongoza, mzunguko wa mwisho, Kampala nzima inapiga kelele, na ghafla miguu ikakataa. Alipitwa na mtu baada ya mtu hadi akamaliza wa 30. Mama mmoja kando yangu alivua kofia yake ya bendera akajifunika uso. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2020, Cheptegei alivunja rekodi ya mita 5,000 kule Monaco kwa 12:35.36, na Oktoba ile ya 10,000 kule Valencia kwa 26:11.00, akiwa na spaiki za Nike mguuni. Nataka uone kitu kimoja tu hapo: kijana yule alikuwa pia askari polisi. Stephen Kiprotich, aliyetuletea dhahabu ya marathoni Olimpiki ya London 2012, alikuwa wa Magereza. Hawakuning'inia kwenye kamba moja.

Na kuna John Akii-Bua, ambaye vijana wa leo wanamjua kama jina la uwanja tu. Dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, Olimpiki ya Munich 1972, 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipoanguka alikimbilia Kenya, akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi. Aliyemtoa pale ni Puma, kampuni aliyokuwa akivaa viatu vyake. Walimpeleka Ujerumani, akafanya kazi kwao kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo nembo inaweza kukukumbuka. Lakini uzito wa jina la Akii-Bua mimi na wewe hatuna, na hisani haiandikwi kwenye ukurasa wa saba.

Basi nilimwambia kijana hivi. Usisaini kesho. Meneja mzuri atakasirika siku moja na kukusamehe, asiyekusamehe umemjua mapema. Tafuta mtu anayesoma Kiingereza cha mahakamani, hata kama ni mwalimu wa sekondari, mlipe mbuzi. Mwombe akutafutie maneno matatu tu: kupunguza, kusitisha, na haki ya kulinganisha. Hili la mwisho ni la ujanja: lina maana kwamba mkataba ukiisha na kampuni nyingine ikakupa pesa, ya kwanza inaweza kulipa kiasi kilekile ikakubakisha, upende usipende. Kama wewe ni binti, uliza mimba imeandikwaje. Wakimbiaji wa Marekani kina Allyson Felix walilipigia kelele jambo hilo hadharani mwaka 2019 na kampuni kadhaa zikabadilisha karatasi, ila iliyoko mezani kwako ndiyo ya kusoma.

Kazi ya kikosi usiiache. Hili nilimwambia mara tatu.

Na kiatu chenyewe, kimbia nacho kwanza. Omba jozi mbili, fanya nazo mazoezi marefu mawili kwenye vilima, siyo kwenye lami ya hoteli. Mimi nilisaini kiatu chembamba mbele wakati mguu wangu ni mpana kama wa baba, na nilijidanganya kwamba kitafunguka. Nikawa nakaza kidole gumba ili kisisuguliwe, nakanyaga upande, na daktari aliniambia baadaye kisigino kilianza kuteseka hapo. Ukishasaini huruhusiwi kuonekana na nembo nyingine, hata ukienda dukani kununua sukari.

Viatu hivi ninavyouza Owino vinanifundisha mengi. Wiki hii kwenye marobota ya mivumba, yaani mitumba, nimepata jozi ya kampuni yangu ya zamani, modeli ileile ya 2013, njano, karibu mpya. Nimeibonyeza soli kwa kidole gumba, povu limekufa, limekauka kama mkate wa juzi. Adidas walipotoa kile cha gramu 138 alichovaa Mwethiopia Tigist Assefa akikimbia marathoni ya Berlin kwa 2:11:53 mwaka 2023, walisema wazi kimetengenezwa kwa marathoni moja na mazoezi ya kukizoea. Dola 500. Hapa sokoni kiatu kina maisha matatu: mwenyewe wa Ulaya, mteja wangu, na mdogo wake mteja. Ile ya njano nimeiuza kwa mwenye boda. Nimemweleza kabisa kwamba si ya kukimbia, akasema yeye hakimbii, anakimbizwa na polisi wa barabarani tu.

Kijana hakusaini Jumatano. Jana amenipigia tena, mchana safari hii, kwa sauti ya mtu mzima. Amefika ukurasa wa saba na mwalimu wake. Kwake ni siku 90, siyo 120. Alitaka kujua zinaanza kuhesabiwa lini: siku ya mbio ya mwisho, au siku daktari anapoandika barua? Sikuwa na jibu. Nimemwambia amuulize meneja, kwa maandishi.