Kuvunja kompyuta ya dukani uuze vipande

Kaka, umeuliza kama uivunje ile kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 9020, uuze vipande hapo Malindi. RAM (kumbukumbu) na prosesa (ubongo wake) hazisumbui: RAM ni ya aina ya DDR3 na prosesa inakaa kwenye soketi ya LGA1150, zinaingia kwenye mashine nyingi za rika lake. Mtego uko kwenye madabodi (bodi kuu) na pawa saplai (kisanduku cha kugawa umeme). Plagi kuu inayoziunganisha ina pini 8, si 24 za kawaida, haziingiliani na za mashine nyingine, kwa hiyo ziuze pamoja, na kasha lake. Diski ifute kabisa, si kutupa mafaili kapuni tu. Na chumvi ya bahari yetu haina huruma. Inakula chuma, basi kagua meno ya RAM, zile ncha za chuma zinazoingia kwenye bodi, kabla mnunuzi hajayaona. Lakini kama inawaka vizuri, mimi ningeiuza nzima, tena ikiwa imewashwa mbele yake.