Re: Mdogo wangu anasikia sauti tangu tuvamiwe, ni saikosisi au kiwewe?

Pole dada. Nimekuelewa hivi: anasikia sauti ya mvamizi, kuna wakati anaganda hata akiitwa, na kaandikiwa haloperidol, dawa ya saikosisi (hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia).

Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili. Kwanza ulizieni kifafa, maana kuna kifafa cha kuganda tu, bila kuanguka wala povu. Kisha angalia kinachotangulia: geti kugongwa, harufu fulani, giza? Akizinduka, anakumbuka alichofanya? Anayepotea kimawazo kwa kiwewe (jeraha la akili baada ya tukio la kutisha) mara nyingi hurudi ukimwita jina taratibu na kumshikisha kitu cha baridi. Anayeshikilia kutwa kwamba redio inamsema yeye, na maneno yake hayashikani, hapo nafikiria zaidi saikosisi. Sauti peke yake haiamui. Ziko pande zote mbili, na mtu anaweza kuwa na vyote. Kutoka huku mbali siwezi kukuambia ni lipi.

Daktari anajua habari ya uvamizi? Mara nyingi hakuna aliyeuliza, kwa hiyo mwambie wewe. Dawa msiikatishe ghafla. Na sauti ikimwamuru ajidhuru, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni saa hiyohiyo.