Muulize mdogo wako waziwazi, na kliniki nenda naye

Ndugu yangu, nimesoma ulichoandika mara tatu. Mdogo wako hali, hatoki chumbani, simu yake kampa binamu, na juzi kawaambia "karibuni mtapumzika na mimi." Mama aamini ni majini, ataka asomewe. Mjomba asema mkilitaja neno la kujiua hospitalini atakamatwa. Nawe waogopa kumuuliza usije ukamtia wazo kichwani, na waogopa jina la Port Reitz, hospitali yenye wodi ya wagonjwa wa akili, kwa sababu ya majirani.

Kabla ya yote, usiku huu asilale peke yake. Hamia chumbani kwake. Dawa zilizo kabatini na kitu chochote kinachoweza kumdhuru kitoke nyumbani, kiwekwe kwa mtu mwingine, si kufichwa tu. Mengine nitakayosema yaweza kungoja asubuhi, hili haliwezi.

Mwaka 2021 mimi ndiye niliyekuwa huyo mdogo wako. Ni fundi wa friji hapa Mombasa. Kazi zilikatika hoteli zilipofunga wakati wa korona, na deni la chama lilikuwa shingoni, lakini sitakudanganya kwamba ni deni. Wenzangu walikuwa na madeni kunishinda na walikaa barazani wakicheka. Mimi nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku, kila usiku, sipati tena usingizi mpaka adhana ya alfajiri, na nikisimama kuswali sijui niko rakaa ya ngapi. Chakula kilikuwa kama kutafuna karatasi. Kisha siku moja nikampa kijana wangu wa kazi geji zangu za gesi, nilizozinunua kwa kujinyima miezi minane, nikamwambia "zitakufaa." Kijana akafurahi. Hakuna aliyeshtuka.

Aliyeshtuka ni shemeji, mke wa kakangu. Alikuwa uani akikuna nazi, nami nimekaa kizingitini kimya. Mara mbuzi ikanyamaza. Akauliza bila kuniangalia, kifuu bado ki mkononi: "Shemeji, wewe unafikiria kujiua?" Alilitaja lenyewe. Hakusema "kufanya ujinga," hakuzunguka. Chakula cha mchana siku hiyo kililiwa alasiri, kwa jinsi nilivyolia.

Basi muulize, kwa neno hilo hilo. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Limechunguzwa hilo kwa miaka mingi, na wanaofanya kazi hii hufundishwa kuuliza waziwazi. Kwangu ilikuwa kama mtu kunishika mzigo upande wa pili. Akisema ndiyo, usimhutubie juu ya dhambi, wala usimwambie amfikirie mama. Mimi nilimfikiria mamangu kila siku, na ugonjwa ule uliniaminisha kwamba hata yeye atapata nafuu nikiondoka. Msikilize, kisha umuulize kama ameshapanga. Kama amepanga, msingoje asubuhi: mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo. Na akikuomba uape kwamba hutamwambia mtu, usiape.

Shemeji hakuniambia "nikupeleke kwa daktari wa akili." Alisema, "Hulali wiki ya tano sasa, twende ukatazamwe." Ilikuwa kweli, ndiyo maana nikakubali. Tukaenda dispensari ya mtaa, ile ile ya chanjo za watoto. Dirishani nusura mambo yaharibike. Mwandikishaji alipaza sauti, "Wa akili ni nani hapa?" Benchi zima likageuka. Nikasimama niondoke. Shemeji akanishika mkono wa kanzu, akasema taratibu, "Waache wageuke. Keti." Lau ningekuwa peke yangu nisingeketi. Kwa hiyo usimpe mdogo wako nauli ukaona umemsaidia. Nenda naye, ukae naye benchini, uandikishe wewe.

Sista alituingiza chumba cha kupimia watoto uzani, ile mizani ya kuning'inia bado ina kijisuruali cha buluu kinabembea. Akatoa karatasi yenye maswali tisa, kila moja lauliza ni siku ngapi katika wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo imekutoka, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai. Kila jibu lina alama, sifuri hadi tatu. La tisa ndilo la kutamani kufa au kujidhuru, na alipolifikia aliweka kalamu chini akaniangalia. Nilipata 19 kati ya 27. Miezi yote ile nilidhani imani yangu ndiyo imepungua, kumbe ni sonona, maradhi yenye kipimo, kama presha. Sijui nikwambieje nafuu niliyoipata kwa ile namba.

Hakunipa barua ya rufaa akaniacha nijiendee. Alimpigia kakangu, akapiga hospitali ya kaunti ndogo kuhakikisha mtu yupo, tukaenda kwa tuktuk saa ile ile. Huko nikaanzishiwa fluoxetine, dawa ya sonona, na mazungumzo na mshauri kila Alhamisi. Dawa zilitolewa za wiki moja moja, na mwenye kuzishika alikuwa shemeji. Wiki ya kwanza nilipata kichefuchefu, usingizi ukazidi kuharibika, nikataka kuziacha. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hakuna aliyenificha hilo. Kwangu ilikuwa wiki ya nne, nilipofumbua macho nikakuta jua limeshatoka. Sista alikuwa ameshamwonya shemeji kwamba mgonjwa akianza kuchangamka ndipo asilegezewe macho, maana nguvu za mwili zaweza kurudi mapema kuliko matumaini. Mdogo wako kama hajafika miaka 25, wiki za mwanzo za dawa mwangalieni zaidi, mkiona amebadilika rudini kliniki, wala msikatishe dawa ghafla.

Mshauri naye aliniandikisha nyuma ya daftari langu la hospitali, kwa mkono wangu mwenyewe: dalili zinazotangulia kwangu (kuamka saa tisa, kugawa vitu), kisha nifanye nini (kwenda barazani kucheza bao, hata kama sina hamu), kisha nani wa kumpigia, kwa mpangilio. Shemeji, kaka, sista, halafu 1199 ya Msalaba Mwekundu, isiyolipishwa, na Befrienders Kenya, wanaosikiliza wenye mawazo ya kujiua, 0722 178 177. Daftari lile ninalo mpaka leo, na mwaka jana nililifungua mara mbili.

Mama usigombane naye. Wangu pia alitaka nisomewe, na nikasomewa. Imamu alipomaliza aliniuliza, "Dawa za hospitali umemeza leo?" Asomewe huku akitibiwa, si badala ya kutibiwa, na asiwepo wa kumfunga, kumpiga wala kumnyima chakula kwa jina la kumtoa jini.

Mjomba mwambie hivi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi miaka miwili jela. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kinapingana na Katiba. Wakati wangu kilikuwepo, na kaka alitaka tuseme nina malaria. Tungepewa dawa za malaria. Semeni kweli.

Na Port Reitz sijawahi kulazwa. Wengi hutibiwa wakirudi nyumbani kila jioni kama mimi. Akihitaji kulazwa, ni wodi ya hospitali, watu hutibiwa wakarudi makwao.

Kesho fikeni kliniki mapema, na kitambulisho chake na dawa zozote anazotumia. Kama mnamjua mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu, mpigie leo, yeye hujua mshauri yupo siku gani. Mdogo wako akikataa kwenda, kaa naye, umuulize tena mchana. Nami niko hapa Mombasa. Ukitaka mtu wa tatu wa kuketi nanyi benchini, niandikie hata usiku wa manane, nitakuja.