Sanduku la Maswali: Hisabati ya chuo cha ualimu

Swali: Shikamooni. Nasomea stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi. Kidato cha nne nilipata B ya Hisabati, lakini chuoni tumerudishwa kwenye kutoa kwa kukopa, kama watoto. Hatupotezewi muda? (Mwanachuo, Mbagala)

Jibu: Marahaba. Hampotezewi. B yako inaonyesha unajua kukokotoa. Haionyeshi kama unaweza kusoma daftari la mtoto wa darasa la tatu. Chukua 503 − 278. Jibu ni 225. Mtoto mmoja kaandika 375, mwingine 325. Ukiwachorea wote X nyekundu na kurudia kanuni ubaoni, hujamsaidia hata mmoja, kwa sababu magonjwa yao ni tofauti.

Wa 375 anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, popote zilipo: 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 2. Kukopa hakujui kabisa. Wa 325 anakujua, ila alipokuta sifuri aliigeuza 9, mamoja akayafanya 13, na ile 5 ya mamia akaiacha vilevile. Mia moja imetumika bila kuondolewa ilikotoka.

Njia ya kumwonyesha ni hii: vunja mia 1 iwe makumi 10, kisha vunja kumi 1 liwe mamoja 10. Sasa una mamia 4, makumi 9 na mamoja 13. Kabla hajatoa chochote, ajumlishe 400 + 90 + 13 aone kuwa bado ni 503 ileile. Walimu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye kazi kubwa.

Halafu chagua maswali yanayofichua. Kwenye 52 − 17 wa kwanza ataandika 45, wa pili atapata 35. Kwenye 604 − 238 wa pili ataandika 466 badala ya 366. Swali kama 86 − 42 wote wawili watalipata, nawe utatoka darasani ukidhani wameelewa. Bahati mbaya, maandalio ya somo mengi yamejaa mifano ya aina hiyo.

Swali: Kwenye jaribio tuliambiwa tutunge swali la maneno la 2¾ ÷ ½. Niliandika: “Mama ana lita 2¾ za mafuta ya kula, akawagawia watoto wawili sawasawa.” Nikakokotoa, nikapata 5½, na ni sahihi. Mbona mkufunzi kanipa sifuri kwenye swali nililotunga? (Kimara)

Jibu: Kwa sababu watoto wawili ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Kila mmoja angepata lita 1⅜. Isitoshe, lita 5½ ni nyingi kuliko mafuta yote aliyokuwa nayo mama; hapo ungeshtuka.

Kugawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ngapi zimo. Kwa hiyo: muuza duka wa Tandika ana lita 2¾, anajaza chupa za nusu lita, atapata chupa ngapi? Zinajaa 5, lita 2½ zimeisha, inabaki robo lita. Hapa wengi huandika 5¼. Lakini tunahesabu chupa, si lita, na robo lita ni nusu ya chupa. Ndiyo 5½.

Hadithi hiyohiyo inakupa sababu ya “geuza ya pili, zidisha”. Lita moja hujaza chupa 2, basi lita 2¾ zitajaza 2¾ × 2. Chupa ikiwa ya lita ¾, lita moja hujaza chupa 1 na theluthi ya nyingine, yaani 4/3. Kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (ya chini) vimebadilishana nafasi, na mwanafunzi ameona kwa nini. Jaribu mwenyewe na chupa ya lita ⅖ kabla ya kuingia darasani.

Swali: Kwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), 12 − 5 + 3 ni 4 au 10? Tumebishana bwenini. (Chang’ombe)

Jibu: Ni 10. JU na TO zina cheo kimoja, anayetangulia kushoto ndiye anayeanza. GA na ZI nazo ni hivyohivyo, ila huko kufuata herufi hakuharibu jibu: 5 × 8 ÷ 4 ni 10 uanzie popote. Ndiyo maana kosa la kufuata mpangilio wa herufi hukaa miaka bila kugundulika.

Swali: Nakwenda mazoezi ya kufundisha, darasa lina watoto 60. Vizibo vya soda vinatosha kwa thamani ya nafasi? (Gongo la Mboto)

Jibu: Kwa kuhesabu vinafaa. Kwa thamani ya nafasi havifai, kwani vizibo 10 havifungiki vikawa kitu kimoja. Tumia vijiti na rababendi. Kwa makundi 10 ya watoto 6, na namba zisizozidi 99, andaa vijiti 99 na rababendi 9 kwa kila kundi: jumla 990 na 90.

Kwenye mamia acha vijiti. Kata maboksi: mraba wa sentimita 10 kwa 10 ni mia, ukanda wa 10 kwa 1 ni kumi, kipande cha 1 kwa 1 ni moja. Kila kundi lipate miraba 9, kanda 18 na vipande 18. Kumi na nane kwa sababu anayekopa huweza kufikisha idadi hiyo safu moja. Karatasi tupu usitumie, feni ikiwashwa mamoja yote yatakuwa sakafuni.