Mafuta ya mise kwenye mpira wa mkojo: hayafai, hata yakichemshwa

SWALI: Shikamoo sista. Kaka yangu alianguka kutoka kwenye mchikichi mwaka jana, akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini hana hisia. Hospitali walimfundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, mara nne au tano kwa siku. Pakiti za jeli tulizopewa zimekwisha. Wiki ya pili sasa anapaka mafuta ya mise (yale ya kokwa za mchikichi), tunayatengeneza wenyewe hapa Ujiji na mama huyachemsha kwanza. Mpira unapita vizuri na hajalalamika hata siku moja. Jirani anasema bora Vaseline. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Mise acheni leo, na hiyo Vaseline msiianze.

Naanza na neno lako moja: hajalalamika. Kaka yako hawezi kulalamika, kwa sababu hahisi. Mtu mwenye hisia zake akiwekewa kitu kinachochubua njia ya mkojo atapiga kelele siku hiyohiyo. Kaka yako atachubuka kimya kimya, na habari mtaipata kwa damu kwenye mpira au kwa homa. Kwa mgonjwa wa namna hii kilainishi hatukichagui kwa kusikiliza kama kinauma. Tunakichagua kwa kujua kinafanya nini kikishaingia ndani.

Mise, mawese, mafuta ya alizeti, ya nazi na Vaseline vyote vina kasoro moja: havichanganyiki na maji. Mkojo ni maji. Jeli ya hospitali huyeyuka ikatoka na mkojo, lakini mafuta hubaki yameshika kwenye kuta za njia ya mkojo, mengine yakaingia mpaka kwenye kibofu. Hapo chumvichumvi za mkojo hupata pa kunata, na vijidudu hupata pa kujificha. Mama anapochemsha anaua vijidudu, ni kweli, ila mafuta yaliyochemshwa bado ni mafuta. Tena kama mpira wenu ni ule mwekundu wa raba asilia, mafuta huulainisha na kuudhoofisha, kama yanavyoharibu kondomu. Ule wa plastiki unaopitisha mwanga, tunaouita Nelaton, hauharibiki upesi hivyo, lakini kibofu hakiangalii mpira ni wa aina gani.

Sabuni pia hapana, inachoma. Mate hapana kabisa. Asali, ambayo wenzetu wa Tabora wanaisifia kwa vidonda, hapa inanata badala ya kuteleza. Gliserini ya kupaka mikononi huvuta maji kutoka kwenye ngozi laini ya ndani na kuikera, na ya dukani mara nyingi imetiwa manukato.

Kinachotakiwa ni jeli inayoyeyuka kwenye maji, isiyo na harufu wala rangi ya urembo, na iliyotengenezwa bila vijidudu. Kwenye pakiti huandikwa "sterile". Bora kuliko zote ni vipakiti vidogo vya kutumia mara moja. Tyubu kubwa ni nafuu, lakini ikishafunguliwa haihesabiki tena kuwa haina vijidudu. Kama ndiyo mnayoimudu, iwe ya kaka yako peke yake, mdomo wake usiguse mpira wala kidole, tone la kwanza litupwe, na muandike tarehe ya kuifungua. Jeli ya utrasaundi nayo ni ya maji, na mtu anaweza kukugawia kwa nia njema. Ikatae kama haikuandikwa kwamba haina vijidudu. Mwaka 2021 huko Marekani jeli ya namna hiyo ilikutwa na bakteria na ikaondolewa sokoni baada ya wagonjwa kuambukizwa.

Dukani usiseme "nataka kilainishi" ukaishia hapo. Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuzuia vilainishi vya mambo ya chumbani, wauzaji wengine wakisikia neno hilo hukukazia macho. Sema "jeli ya kuwekea mpira wa mkojo", na uende na ganda la ile mliyopewa hospitali. Maduka ya dawa muhimu ya mitaani mara nyingi hayana, kwa hiyo nenda famasi kubwa za mjini, au rudini kliniki iliyomfundisha na muombe za mwezi mzima, si za wiki.

Watakuuzia pia jeli ya ganzi, yenye lignokaini. Kwa mwenye hisia anayeumia ina kazi yake, mradi asubiri dakika tatu hadi tano ganzi ishike. Kwa kaka yako ni pesa ya bure: unamtia ganzi mtu asiyehisi. Na akiitumia mara tano kwa siku kwenye njia iliyochubuka, dawa inaweza kuingia kwenye damu kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Jeli nyingine zina klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Mwenye mzio nayo aikwepe.

Kipimo nacho kina maana. Njia ya mkojo ya mwanamke ni kama sentimita 4, tone kwenye ncha linatosha. Ya mwanaume inakaribia sentimita 20, na wanaume wengi hupaka nchani tu, kisha jeli yote ikabaki mlangoni. Apake ncha na sentimita kumi na tano zinazofuata, akizungusha mpira. Anyooshe uume kuelekea tumboni ili kona ipungue, aingize taratibu. Mpira ukigoma karibu na kibofu asisukume: atulie, avute pumzi, akohoe kidogo, ajaribu tena. Ukiendelea kugoma, hospitali.

Mkiamka siku moja jeli hakuna na kibofu kimejaa, msisubiri duka lifunguliwe. Loweka mpira safi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa (si ya ziwani moja kwa moja, hata yakiwa meupe kama kioo), aupitishe polepole. Hiyo ni ya kuvukia siku, haifai kuwa mazoea. Kibofu kilichoachwa kijae kupita nusu lita mara kwa mara kina hatari kubwa kuliko mpira wenye maji tu. Daktari Jack Lapides na wenzake wa Michigan, walioeneza njia ya kujitoa mkojo kwa mpira kuanzia 1972, walishikilia hilohilo: mikono iwe safi, mpira uwe safi, na kibofu kisiachwe kifurike. Glavu na vifaa vya chumba cha upasuaji hawakuvidai. Mimi nakaza kwenye jeli kwa sababu inaachwa ndani, wakati mpira unatoka.

Kuhusu hizi wiki mbili zilizokwisha pita, usimtishe. Wiki hii apelekwe akapime mkojo, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba mlitumia mise. Asipojua hataangalia kinachotakiwa. Anywe maji kama alivyoelekezwa kliniki na asipunguze idadi ya kujitoa mkojo. Mkiona homa, kutetemeka, damu, mkojo wenye ukungu na harufu kali kuliko kawaida, au misuli ya miguu inayokaza ghafla kuliko ilivyozoea, msingoje tarehe ya kliniki. Kwake hiyo misuli inaweza kutangulia homa.