Mwili Ukigoma Kazini, Mganga Hana cha Kurudisha

SWALI: Daktari, mimi ni kijana wa Malaba, Uganda. Naishi kwa kulipwa na wanawake wafanyabiashara na, mara moja moja, madereva wa malori. Nyumbani wanajua mimi ni taniboi. Siku hizi mwili unagoma mbele ya mteja. Mganga anasema wateja wamenichukulia uanaume, na anataka shilingi 200,000 aurudishe. Je, dawa yake ya mulondo, iliyo kwenye chupa ya plastiki isiyo na lebo, ina madhara?

JIBU: Ndugu yangu, unauliza madhara ya dawa kana kwamba mganga ameshathibitisha maradhi yenyewe, na hapo ndipo ninapochoka kila ninapopokea swali la namna hii. Hakuna mteja, awe mwanamke au mwanamume, anayeweza kuondoka na uanaume wa mtu. Uume husimama kwa kazi ya mishipa ya damu, neva na akili iliyotulia. Basi mwanamume anayetega sikio asije mtu akagonga mlango wa gesti, aliyekunywa waragi ili apate ujasiri, ambaye hajalala tangu juzi na hana hamu na aliye mbele yake isipokuwa hamu ya malipo, mwili wake ukigoma haujafanya ajabu yoyote. Je, asubuhi uume husimama wenyewe? Ikiwa ndiyo, kwa kawaida mishipa na neva ni mizima, na tatizo tulitafute kwenye hofu, uchovu na pombe. Ikiwa hausimami wakati wowote, upimwe sukari na shinikizo la damu.

Wanaume wa kazi yenu hubebeshwa aibu ya pekee. Watu wamezoea kwamba anayelipwa ni mwanamke, kwa hiyo mwanamume akilipwa huhesabiwa kuwa ameshuka, naye hujitetea moyoni kwamba maadamu anaweza kusimama kila anapoitwa, bado ni mwanamume kamili. Kazi moja ya mwili inageuzwa cheti cha uanaume, na cheti hicho ndicho wanachokiuza waganga hawa, tena kwa bei wanayojipangia.

Mizizi ya mulondo, mmea unaosifiwa kwa nguvu za kiume, yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni kilichochanganywa ndani ya ile chupa ya plastiki isiyo na lebo, kwa sababu dawa za kienyeji za nguvu za kiume zimewahi kukutwa na sildenafili (Viagra), dawa ya kusimamisha uume, ile ile ya famasi, ila humo hakuna ajuaye kipimo chake. Sildenafili ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati, au na kile kichupa cha kunusa (poppers) ambacho baadhi ya wateja huja nacho, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hata mtu akafa. Ikikutana na ritonavir, iliyomo katika baadhi ya michanganyiko ya ARV, yaani dawa za VVU, hujaa mwilini kupita kiasi. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne, hiyo ni dharura ya hospitali, wala si sifa ya kusimulia kijiweni.

Wapo wanaomeza dawa hizi kisha wakaacha kondomu, wakiamini kwamba mwanamume mwenye nguvu, au aliye “upande wa mwanamume”, yaani anayeingiza, haambukizwi VVU. Huambukizwa. PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo, hukinga ikimezwa inavyotakiwa, na kondomu ikipasuka, PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, ikamezwa siku 28. Mganga hana kati ya hizo hata moja.

Najua kilichokupeleka kwake: hakuulizi umelala na nani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga inatisha na adhabu zake nzito bado zipo, lakini kifungu kilichowalazimu watu kuripoti, Mahakama ya Katiba ilikibatilisha Aprili 2024. Kliniki unaweza kueleza dalili, dawa ulizomeza na kwamba una wapenzi wengi, bila kumtaja mtu. Kama umeshakunywa ya mganga, nenda na chupa yake. Na kifua kikikuuma, mwambie mhudumu kwamba umekunywa dawa hiyo, kabla hajakupa dawa yoyote ya moyo.